Popo juu ya shamba: kwa nini jirani wanamjaa na kwako wanapita tu

MASWALI YA WASOMAJI

Mvua zikianza, barua kuhusu popo huongezeka. Safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: popo walao wadudu huchaguaje shamba la kuwindia, na mkulima afanye nini walichague la kwake. Tumeanza na hizo, kisha tumejibu za paa, maembe na mbolea.

Habari za kazi, wataalamu. Nina ekari tatu za mahindi hapa Kilosa. Kila jioni popo wanazunguka juu ya shamba la jirani mpaka usiku, kwangu anapita mmoja mmoja. Mbegu tumenunua duka moja, tumepanda wiki moja. Yeye ana nini ambacho mimi sina? (Mkulima, Kilosa)

Ndugu yetu, mahindi yenyewe popo hana haja nayo. Anafuata wadudu wanaoruka, na wadudu hao hawajigawi sawasawa juu ya mashamba. Kabla ya kulinganisha mbegu, simama mpakani saa 12 na nusu jioni uangalie: miti iko upande gani, upepo unatoka wapi, maji yako wapi, na mifugo inalala wapi.

Tuanze na miti, maana hapo ndipo tofauti kubwa hutokea. Popo walao wadudu si wa aina moja. Wapo wenye mabawa marefu membamba, kama wale wa kwenye mapaa ya mabati, Mops condylurus na mwenzake mdogo Mops pumilus. Hao huruka kwa kasi, juu, mahali peupe. Milio wanayoitoa kupima njia na mawindo kwa mwangwi inafika mbali, lakini kona kali hawaziwezi. Shamba wazi la ekari mia haliwatishi. Kule Eswatini, watafiti waliowafunga vitoa mawimbi vidogo vya redio popo wa aina hizi mbili ili kuwafuatilia waliona kwamba wanayachagua mashamba ya miwa kuwa mahali pa kuwindia.

Wapo wengine wenye mabawa mafupi mapana, kama Hipposideros caffer wa mapangoni. Hawa wanageuka hata ndani ya kichaka, ila mlio wao ni mwembamba mno na hufifia ndani ya mita chache. Ndiyo maana husafiri wakiandama kitu: safu ya miti, ua wa minyaa, ukingo wa mto. Pengo kubwa katika ua huwarudisha wengi wao. Kama jirani ana ua unaoanza mtoni hadi katikati ya shamba, na wako uling'olewa ulipopanua shamba, basi kuna kundi zima la popo lisilokuwa na njia ya kukufikia.

Miti hiyo hiyo huvunja upepo. Wadudu wadogo hawawezi kushindana na upepo, kwa hiyo hurundikana upande uliotulia, na popo wa mabawa membamba nao huja kula hapo. Ukitaka kuliona hilo, nenda jioni yenye upepo wa wastani, simama upande wenye upepo kwa dakika 10, kisha upande uliokingwa kwa dakika 10. Tofauti utaiona kwa macho.

Maji yanafuata. Popo wengi hunywa mapema baada ya kutoka, wakiwa hewani: hushuka, hugusa uso wa maji kwa mdomo, hupanda. Wanahitaji uso wa maji ulio wazi wenye urefu wa mita kadhaa. Bwawa lililofunikwa na magugu maji haliwafai hata likiwa kubwa. Ng'ombe nao huvuta wadudu wa samadi, na zizi lililo ukingoni mwa shamba huwa mahali pazuri pa chakula katika wiki ambazo nondo ni wachache.

La mwisho ni umbali wa makazi. Popo wa mabati husafiri kilomita kadhaa bila shida. Wale wa mabawa mapana huwinda karibu zaidi na wanakolala, kwa hiyo pango, jengo kuukuu au mbuyu wenye uwazi ndani ukiwa upande wa jirani, yeye ndiye wa kwanza kufikiwa.

Unachoweza kubadilisha kwa gharama ndogo ni ua. Kata vipande vya mti wa gilirisidia vya mita 1.5, vinene kama kifundo cha mkono, uvichimbie sentimita 30 ardhini mwanzoni mwa mvua, nafasi ya mita 1 kati ya kipande na kipande. Anza pale ua wa jirani au msitu wa mto unapoishia, maana kipande cha ua kilichosimama peke yake katikati ya shamba hakina kinapompeleka popo. Acha miti ifike mita 3 au 4 kabla ya kuipogoa, na ukipogoa, fanya upande mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao. Wanaokata ua wote kwa siku moja hurudisha kazi mwanzo.

Mimi nawahesabu popo kwa macho tu. Juzi walikuwa wengi, jana hakuna hata mmoja, na shamba ni lile lile. Ni mwezi? Huku kwetu wazee wanasema popo wanaogopa mwezi. (Msomaji, Makete)

Wazee wana hoja, ila Makete ningetazama baridi kwanza. Joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, wadudu wengi hawaruki, na popo hana sababu ya kutoka kwa muda mrefu. Mwezi Juni na Julai nyanda za juu hufika hapo mara kwa mara. Weka kipimajoto nje, kisomwe saa 1 usiku, uandike pembeni ya hesabu yako ya popo. Huenda nusu ya fumbo ikaisha.

Mvua nayo ina namna yake. Manyunyu hayawazuii sana, lakini mvua kubwa huwarudisha makazini. Matone huvuruga mwangwi, na manyoya yakilowa kazi ya kuruka inakuwa nzito: kipimo kilichofanywa Costa Rica na kuchapishwa mwaka 2011 kilionyesha kwamba popo aliyelowa hutumia nguvu takriban mara mbili ya mkavu. Usiku wa kwanza baada ya mvua ni kinyume kabisa. Kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, na popo wa eneo zima wanaweza kuacha mashamba yote na kukusanyika juu ya vichuguu vichache. Ukihesabu usiku huo shambani utadhani wamehama.

Kuhusu mwezi: baadhi ya popo hupunguza safari mahali peupe mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu bundi anawaona. Hawaachi kula. Wanahamia kivulini, chini ya miti, au wanasubiri mwezi uzame. Popo wa kasi wa juu angani hawajali sana. Kwa hiyo usilinganishe usiku wa mwezi mpevu na wa mwezi mwandamo kisha ukasema shamba limeharibika.

Nimefunga taa sita za sola kuzunguka shamba la mboga kwa ajili ya wezi. Popo wameongezeka sana kwenye taa. Je, nimewasaidia wao na mboga zangu? (Mama mkulima, Kilifi)

Mama, wale unaowaona kwenye taa wameongezeka kweli, lakini hesabu hiyo inaficha mambo mawili.

Kwanza, taa nyeupe huvuta wadudu kutoka shambani na hata kutoka vichakani mbali na shamba. Popo wa mabawa membamba wanakula pale kwenye nguzo, huku katikati ya matuta ya sukuma wiki na nyanya hakuna anayewinda. Na nondo ambaye hakuliwa yuko sasa ndani ya shamba lako, na anataga hapo. Pili, popo wa mabawa mapana hukimbia mwanga. Taa moja iliyowekwa juu ya ua inaufunga ua huo kwao kama vile umeukata.

Uholanzi walifunga taa za rangi tofauti kandokando ya misitu na kurekodi popo kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba popo waoga wa mwanga waliepuka taa nyeupe na za kijani, lakini kwenye taa nyekundu walipita kama gizani. Kwako fanya hivi: taa mbili zibaki kwenye lango na ghala, zenye kihisi cha kuwaka mtu anaposogea. Zifunikwe juu ili mwanga uanguke chini tu, na zisiwekwe juu ya ua wala kisima. Mahali panapohitaji mwanga usiku kucha, tafuta balbu nyekundu au ya kaharabu. Mwizi bado ataonekana.

Viwavijeshi vamizi vimenichosha. Nikiwaita popo kwa njia mlizoeleza, naweza kuacha kupiga dawa? Na je, dawa inawadhuru? (Mkulima, Bungoma)

Tukueleze ukweli, ndugu: popo hatakutolea kiwavi ndani ya moyo wa mmea. Anakamata nondo, yaani mzazi, akiwa angani. Kiwavi aliyekwisha jificha ndani ya majani yuko salama na popo. Faida yake ni kupunguza mayai yatakayotagwa, na faida hiyo si ndogo. Nondo jike mmoja wa kiwavijeshi vamizi hutaga zaidi ya mayai 1,000 maishani mwake, kwa hiyo kila jike anayeliwa kabla ya kutaga ni mafungu kadhaa ya mayai yasiyofika kwenye majani.

Tukipiga hesabu ya makadirio: popo mdogo wa mabati ana uzito wa gramu 10 hivi. Popo walao wadudu hula takriban nusu ya uzito wao kwa usiku, na mama anayenyonyesha hula zaidi. Kundi la popo 150 kwenye paa la shule linaondoa gramu 750 za wadudu kila usiku. Si nondo wote, wamo mbu, mbawakavu, na hata wadudu rafiki wa mkulima, kwa sababu popo hula kilichojaa. Lakini nondo wakijaa, anahamia kwa nondo. Huko Texas, popo wanaotoka mapangoni kwa mamilioni walichunguzwa vinyesi kwa vinasaba, na matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba kadiri nondo wa funza wa mahindi walivyoongezeka hewani ndivyo walivyoongezeka tumboni mwa popo. Katika eneo moja la huko lenye hekta 4,000 hivi za pamba, kazi ya popo ilikadiriwa mwaka 2006 kuwa na thamani ya dola 741,000 kwa mwaka, huku makadirio yakianzia dola 121,000 hadi 1,725,000. Upana huo ni wa kuutilia maanani. Kuna miaka popo wanaokoa pesa nyingi, na kuna miaka wadudu ni wachache hivyo cha kuokoa hakipo.

Kwa hiyo endelea kukagua. Pita shamba kwa mfano wa herufi W, simama mahali matano, kagua mimea 10 hadi 20 kila mahali. Mahindi yakiwa machanga, dawa iwe na maana pale mimea kama 20 kati ya 100 ina dalili mpya. Yakikaribia kutoa mbelewele, subiri ifike kama 40. Popo wanakusaidia kuchelewa kufika kwenye idadi hizo, au kutofika kabisa.

Dawa inawadhuru kwa njia mbili. Popo anaweza kula wadudu waliokwisha guswa na sumu, na kwa sababu anaishi miaka mingi huku wengi wakizaa mtoto mmoja kwa mimba, kundi lililopungua huchukua muda mrefu kurudi. Njia ya pili ni ya haraka zaidi: dawa inayoua kila kitu inaondoa chakula, nao wanahama usiku huo huo. Kisha viwavi wapya wanaanguliwa na mlinzi hayupo. Hapo ndipo wakulima wengi huingia kwenye mzunguko wa kupiga kila wiki.

Ushauri wa kawaida ni kupiga asubuhi mapema au jioni, kwa kuwa kiwavi hula wakati wa ubaridi. Kwa mwenye popo tunapendelea asubuhi, saa 12 hadi saa 2, ili dawa iwe imekauka kabla ya popo kutoka. Elekeza bomba kwenye moyo wa mmea ulioshambuliwa, usiogeshe shamba zima, na uchague dawa za kibakteria kama Bt viwavi wakiwa bado wadogo. Mtu atauliza juu ya nyuki wa asubuhi. Nyuki hufuata chavua ya mbelewele, na wakati wa mbelewele si wa kupiga dawa ya viwavijeshi tena, kwa hiyo mgongano huo ni mdogo kuliko unavyoonekana.

Marekani inatoa kielelezo cha upande wa pili. Ugonjwa wa ukungu ulipoua popo, wakulima wa wilaya zilizoathirika waliongeza dawa za wadudu kwa wastani wa asilimia 31, kwa mujibu wa uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024. Hawakuambiwa na mtu. Wadudu ndio waliwalazimisha.

Kihamba changu kina kahawa, migomba na mikaratusi michache ya mpakani. Popo siwaoni juu ya kahawa hata kidogo. Wapo kweli? (Msomaji, Machame)

Wapo, ila huwaoni kwa sababu hawawindi angani. Wanapita chini ya kivuli, kati ya migomba. Huko Kilimanjaro kulifanyika jaribio la kufunika mibuni kwa neti ili ndege na popo wasifike. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2014, ni kwamba pale ndege na popo walipofika, maua yaliyoshika matunda yalikuwa mengi zaidi kwa wastani wa asilimia 9. Neti ilizuia mchana na usiku, kwa hiyo sehemu ya ndege na ya popo haikutenganishwa.

Tazama migomba yako kwa karibu. Lile jani changa la katikati, lililosimama likiwa limejikunja kama bomba, ndilo chumba cha popo mdogo kuliko karibu wote unaowajua, Afronycteris nana, mwenye gramu 3 au 4 tu. Ana vinyama laini kwenye vidole gumba vya mabawa vinavyomwezesha kushika uso unaoteleza wa jani. Jani likifunguka, siku mbili tatu baadaye, huhamia jingine. Anahitaji migomba mingi ya umri tofauti, jambo ambalo kihamba kinalo na shamba la migomba iliyopandwa siku moja halina. Ukikata majani ya ng'ombe, kata yaliyofunguka.

Mfongo, yaani mfereji wa asili, unaopita na maji ni neema nyingine, usiuzibe kwa bomba sehemu yote. Mikaratusi ya mpakani itasaidia kukinga upepo, lakini kivuli chenye wadudu wengi kinatoka kwenye mchanganyiko wa miti ya asili kama mruka na mringaringa.

Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, Morogoro. Nataka kupima kama popo wanatumia zaidi ukingo au katikati ya shamba la mpunga. Nina bajeti ndogo. Nianzie wapi? (Mwanafunzi)

Mdogo wetu, kinasa sauti kama AudioMoth kinatosha. Nunua viwili na si kimoja, kwa sababu ukingo na katikati lazima virekodiwe usiku ule ule. Ukirekodi ukingo Jumatatu na katikati Jumatano, utakuwa umepima hali ya hewa.

Chagua kasi ya kurekodi kwa kuangalia popo unaowatafuta. Kinasa hushika sauti hadi nusu ya kasi yake, na vyote hupimwa kwa kilohezi, yaani maelfu kwa sekunde. Ukiweka kilohezi 250 utapata milio hadi 125, ambayo inatosha kwa popo wa mabati wanaolia karibu na 25, lakini Hipposideros caffer analia karibu na 140 na hutamwona kabisa. Kwa hiyo weka 384. Gharama yake ni nafasi: kwa 384 saa moja inakula takriban gigabaiti 2.8, muda wa saa nne ni 11, na kadi ya gigabaiti 32 inaisha usiku wa tatu. Badilisha kadi kila baada ya usiku wa pili.

Funga vinasa kwenye nguzo za mita 3, juu ya mpunga kwa mita 2 au zaidi, maikrofoni ikiangalia pembeni na kidogo chini ili umande usiingie. Kimoja kiwe mita 5 kutoka ukingo wa miti, kingine mita 100 ndani. Mfuko wa plastiki wa kukinga kinasa uwe mwembamba na uvutwe ukaze mbele ya maikrofoni. Mfuko mnene hula milio ya juu, na uliolegea hupiga kelele kwa upepo. Anza dakika 15 kabla ya jua kuzama, rekodi kwa muda wa saa nne. Rudia angalau usiku tano bila mvua, mwezi ukiwa katika hali inayokaribiana.

Kwenye kompyuta, hesabu "kupita" kuwa mfululizo wa milio uliotenganishwa na mwingine kwa zaidi ya sekunde moja. Kisha tafuta mahali milio inapobanana ghafla, hadi karibu 200 kwa sekunde: hapo popo anavamia mdudu. Hicho ndicho kipimo cha kuwinda hasa, maana kupita kwaweza kuwa safari tu ya kwenda kunywa. Makosa tunayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza ni kusema "popo 100" pale ambapo kuna kupita 100, kumbe anaweza kuwa mmoja anayezunguka. La pili ni kusahau kwamba milio ya juu hufifia haraka, kwa hiyo popo wa mabawa mapana watahesabiwa pungufu kila mara. Linganisha ukingo na katikati kwa aina moja moja, usichanganye aina zote kwenye jumla moja. Nyenje pia hulia juu ya kilohezi 20, usiwahesabu kuwa popo.

Mpunga ni chaguo zuri. Madagaska, popo walirekodiwa wakiwinda zaidi juu ya mashamba ya mpunga kuliko juu ya msitu, na vinyesi vyao vilikuwa na nondo wa viwavi wanaokula mpunga. Kwenye delta ya mto Ebro, Hispania, masanduku ya popo yaliyowekwa mashambani yalifuatiwa na kupungua kwa bungua wa mpunga, ndugu wa bungua wa mahindi tunayemjua huku.

Popo wako juu ya silingi, harufu inatoka hadi sebuleni. Mume wangu anasema tuzibe matundu leo, mimi sitaki waondoke shambani. (Msomaji, Bagamoyo)

Dada, msizibe leo. Mkiziba popo wakiwa ndani watafia humo, na harufu itakuwa mara kumi. Kama kuna vichanga, mama zao watabaki nje wakihangaika na kuingia hata vyumbani. Kwanza hakikisha ni popo: chukua kinyesi kimoja kikavu kwa karatasi, ukisage. Cha popo kinakuwa unga wenye vipande vinavyong'aa vya mabawa ya wadudu. Cha panya hakisagiki, ni kigumu.

Jioni wakishatoka, mulika ndani kwa tochi. Ukiona vichanga wamening'inia, subiri wiki sita hadi nane kisha uangalie tena. Wakiwa hawapo, tundika neti yenye matundu madogo, chini ya milimita 5, juu ya kila tundu la kutokea. Ifunge juu na pembeni, chini iwe wazi, ining'inie sentimita 60 chini ya tundu. Wanatoka kwa kuteremka nyuma ya neti, wakirudi hawaioni njia. Iache usiku saba, angalia tena kwa tochi, ndipo uzibe kwa saruji au waya. Popo hupenya ufa wa sentimita 1.5, kwa hiyo usidharau nyufa.

Kwa kuwa hutaki waondoke shambani, watengenezee sanduku la kulala, liwekwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya kazi hiyo, upande ule ule wa nyumba. Mbao zisiwe zimetiwa dawa wala kupakwa rangi ndani. Urefu sentimita 70, upana 40, na chumba kiwe chembamba, sentimita 2 tu kutoka ubao hadi ubao. Kikiwa kipana, mijusi na nyigu ndio watakaohamia. Kwaruza mistari ya ulalo kila sentimita 1 ili washike. Ubao wa nyuma uzidi chini kwa sentimita 12, hapo ndipo wanapotua. Acha upenyo wa hewa wa sentimita 1 karibu na chini, funika juu kwa kipande cha bati. Sanduku litundikwe mita 4 kutoka ardhini, ukutani au kwenye nguzo, likitazama jua la asubuhi, bila matawi mbele. Linaweza kukaa mwaka mzima tupu, hilo ni kawaida.

Vinyesi vya silingi vilowesheni kwanza, msivifagie vikavu, na mvae barakoa: vumbi lake laweza kuwa na ukungu unaoumiza mapafu.

Popo hao hao mnaowasifu wanamaliza maembe yangu. (Mkulima, Muheza)

Si hao, mzee wetu. Wanaokula maembe ni popo wa matunda, wakubwa, wenye macho makubwa na uso kama wa mbwa. Wale wa wadudu hawagusi embe hata likianguka mdomoni. Popo wa matunda hufuata harufu ya tunda lililoiva mtini, kwa hiyo vuna maembe yakiwa yamekomaa kabla hayajalainika na uyaivishe ndani. Ya kuuza kwa bei nzuri yafunge mifuko ya karatasi moja moja. Ukitumia neti, iwe imekazwa na matundu yake yasizidi sentimita 1, maana neti legevu ya kuvulia samaki huwanasa na kuwaua. Hao hao ndio wachavushaji wa mbuyu na wasambazaji wa mbegu za mvule, kwa hiyo kuwaua kutawagharimu wengine.

Tunaweza kuchimba mbolea ya popo pangoni? Bei yake mjini ni nzuri. (Kikundi cha vijana, Karagwe)

Vijana, mkoa wenu wa Kagera ulipata mlipuko wa ugonjwa hatari wa virusi vya Marburg mwaka 2023, na mwingine mwaka 2025. Virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda anayeishi mapangoni, Rousettus aegyptiacus, na waliowahi kuugua katika ukanda huu wamo wachimba madini na wageni walioingia mapangoni Uganda na mlima Elgon. Msiingie pango lenye popo hao kwa ajili ya mbolea.

Mbolea inayopatikana kwa usalama zaidi ni ile ya chini ya mapaa, ya popo wa wadudu, baada ya wao kuondolewa kwa neti kama tulivyoeleza. Iloweshwe, ikusanywe kwa koleo ukiwa na glavu na barakoa, ichanganywe na majani makavu na iozeshwe kwenye biwi kwa miezi mitatu kabla ya kwenda bustanini. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na popo wa aina yoyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na afike kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha halionekani kubwa.